Kadi ya dola 1: duka la Gemco lilikuwa la nani?



Mnakumbuka mkutano wetu uliopita. Tulikuwa karibu kufunga, watu wameanza kusimama, ndipo mama mmoja wa kikundi cha wauza ndagala aliinua kadi yake mpya ya chama. Akauliza: "Miye nimelipa, kadi niko nayo. Sasa hii butiki njo yangu, ao ni ya nani?" Watu walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Prezida alisema jibu litatafutwa. Sisi tunaoandika gazeti hili tuliondoka na swali hilo, na makala hii ni sehemu ya jibu.

Kwa wafadhili ambao hawakuwapo, tueleze kwanza. Butiki yetu inauza vitu vya kila siku: chumvi, sukari, sabuni, mawese, unga wa muhogo. Bei iko chini kidogo kuliko ya sokoni, kwa sababu tunanunua kwa pamoja. Lakini mara nyingi rafu ni tupu, maana makuta ya kuleta mzigo mpya hayatoshi. Sasa mfanyabiashara mmoja wa mjini ametuletea wazo. Yeye ataijaza butiki: vikwembe, masufuria, magodoro, redio, taa za jua. Atatengeneza hata bati zinazovuja. Jina la chama litabaki ukutani, na mwenye kadi ataendelea kununua kwa bei ya chini. Ila butiki yenyewe itakuwa mikononi mwake. Komite imegawanyika. Mkutano ujao ndio utakaoamua.

Siku zile zile tukapata ujumbe kwa simu. Ulitoka kwa ndugu yetu mmoja tuliyekaa naye kambini Nyarugusu. Sisi tulipanda meli kurudi nyumbani, yeye na watoto wake walipelekwa Marekani. Leo anakaa California, anafanya kazi ya usiku ya kupanga vitu katika duka kubwa. Mzee anayefanya kazi naye alimwonyesha kadi ndogo iliyochakaa, ya duka lililoitwa Gemco. Mama wa huyo mzee aliinunua kwa dola 1, na ilikuwa kadi ya maisha yote. Ndugu yetu aliandika: "Kumbe na huku walikuwa na kadi za wanachama. Tafuteni iliishaje, itawasaidia."

Basi tukatafuta. Yeye huko alipekua magazeti ya zamani na hukumu za korti, akatutumia kurasa moja moja. Sisi huku tulizisoma jioni, mtandao ukipatikana, tukisaidiana na vijana wanaojua Kiingereza. Vijana wenzake wa kazini, anasema, hawajawahi kulisikia jina la Gemco, na wengine wanafanya kazi kila siku ndani ya majengo yaliyokuwa yake. Tuliyoyapata tunawaletea hapa kwa utaratibu.

Kwa nini duka liombe kadi mlangoni

Turudi nyuma kwenye California ya miaka ya 1950. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, viwanda vya ndege vilikuwa na kazi, watu walihamia huko kwa wingi. Nyumba mpya zilijengwa mbali na katikati ya mji, na kila familia ilitaka gari. Maduka makubwa ya zamani yalikuwa katikati ya mji: ghorofa nyingi, wauzaji waliovaa vizuri, mteja anahudumiwa kwa mkono, anaandikiwa deni. Vitu vilikuwa vizuri lakini bei ilibeba gharama zote hizo.

Ndipo wakatokea wafanyabiashara wa aina nyingine. Wao walijenga jumba moja pana lisilo na ghorofa, pembeni mwa mji, na kiwanja kikubwa cha kuweka magari. Mteja anajichukulia mwenyewe, anasukuma kigari chake, analipa mlangoni. Faida kwa kila kitu ni ndogo, lakini vinauzwa vitu vingi.

Kulikuwa na kizuizi kimoja: sheria ya bei. Tangu 1931 California, na baadaye majimbo mengi ya Marekani, yalimruhusu mtengenezaji wa bidhaa kupanga bei ya chini kabisa ambayo duka linaweza kuuzia bidhaa yake. Sheria hiyo ilipitishwa katika miaka ya shida kubwa ya uchumi, ili wauzaji wadogo wasimezwe na wakubwa. Lakini kwa mtu aliyetaka kuuza redio au pasi kwa bei rahisi, ilikuwa ukuta. Njia moja ya kuupita ukuta huo ilikuwa kusema: sisi hatuuzii watu wote, tunauzia wanachama wetu tu. Ndiyo maana mlangoni alisimama mtu wa kuangalia kadi.

Mmoja wa walioshika njia hiyo huko kusini mwa California ni mwanasheria aitwaye Sol Price. Mwaka 1954, mjini San Diego, alianzisha FedMart, duka la wafanyakazi wa serikali. Familia ililipa dola 2 ikapata kadi. Wengine walitazama, wakaiga. Mwaka 1959 ikaja Gemco, nayo kwa kadi ya dola 1. Ulilipa mara moja tu, kadi ikakutosha mpaka kufa.

Hiyo dola 1 ilimsaidia mwenye duka kwa njia nyingine pia. Alijua mteja wake ni nani na anakaa wapi. Aliweza kumtumia gazeti la wanachama nyumbani, lenye picha za vitu na bei. Na mteja naye alijiona mtu wa ndani. Mzee wa California alimwambia ndugu yetu kwamba mama yake aliiweka kadi ya Gemco pamoja na kitambulisho chake, na watoto walijivunia kupita pale mlangoni.

Muuza vyakula anaingia

Sasa tufike kwenye sehemu iliyotufanya tutulie na kusoma mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Gemco ilinunuliwa na Lucky Stores. Lucky haikuwa kampuni ya nguo wala ya redio. Ilikuwa ya vyakula. Ilianzishwa katika miaka ya 1930 na Charles Crouch, kwa maduka machache karibu na San Francisco, ikakua mpaka ikawa moja ya kampuni kubwa za kuuza chakula huko Magharibi ya Marekani.

Kwa nini muuza mikate na maziwa atake kuuza mashati na televisheni? Sababu yake ni hesabu, na wamama wetu wa sokoni wataielewa haraka kuliko sisi. Chakula kina faida ndogo sana. Duka kubwa la chakula likiuza vitu vya dola 100, baada ya kulipa gharama zote linaweza kubaki na dola 1 ao 2. Lakini chakula kiko na uzuri wake: mtu anarudi kila juma, apende asipende, kwa sababu anakula. Nguo na vyombo ni kinyume chake. Faida ni kubwa zaidi kwa kila kipande, lakini mtu hanunui blanketi kila juma. Ukiviweka pamoja chini ya bati moja, chakula kinamleta mtu, na blanketi linamwachisha pesa. Anakuja kwa ajili ya maziwa, anapita mbele ya viatu vya watoto, anakumbuka shule inafungua Jumatatu.

Wauza vyakula wengi waliona jambo hilo wakati mmoja. Mwaka 1961 kampuni ya vyakula ya Stop & Shop ilinunua maduka ya bei rahisi ya Bradlees, huko Mashariki ya Marekani. Mwaka huohuo Food Fair ya Philadelphia ilichukua maduka ya J. M. Fields. Mwaka 1962 familia ya Meijer, wauza vyakula wa Michigan, walifungua duka lao la kwanza la vyote kwa pamoja, Thrifty Acres. Na mwaka ule ule wa 1962, kampuni nyingine ambazo hazikutoka kwenye chakula zilifungua Kmart, Walmart na Target. Mshike hilo jina la mwisho, Target, kwa sababu litarudi.

Si wote walioishi. Food Fair ilipeleka maombi ya kufilisika mwaka 1978, na maduka ya J. M. Fields yakafungwa yote. Hiyo tunaielewa: deni lilizidi, nyumba ikaanguka. Tulipoanza kutafuta habari za Gemco tulifikiri nayo iliishia hivyo. Haikuwa hivyo, na hapo ndipo kuna somo letu.

Miaka mizuri

Chini ya Lucky, Gemco ilikua. Upande mmoja wa jumba kulikuwa na chakula. Upande mwingine kulikuwa na nguo, vitu vya watoto kuchezea, vyombo, televisheni, vito na dawa. Maduka mengine yalikuwa hata na kituo cha mafuta ya gari. Lucky ilifungua maduka ya aina hiyohiyo karibu na Washington na Chicago, ikayaita Memco. Hayo ya mbali hayakudumu, yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini California, Gemco iliendelea kuwa duka la familia za mishahara ya kawaida. Ilifika kuwa na maduka kama 80.

Katikati ya miaka hiyo kulitokea jambo ambalo halikupigiwa kelele mlangoni. Mwaka 1975 bunge la Marekani lilifuta ruhusa ya zile sheria za bei. Tangu hapo duka lolote liliweza kuuza kwa bei yake. Ukuta uliofanya kadi ihitajike ukaanguka. Hata hivyo kadi ilibaki. Watu walikuwa wameizoea, nao wenye duka walipenda kuwa na majina ya wateja wao. Jina "mwanachama" liliendelea kuandikwa.

Tulijiuliza: mwanachama wa nini? Katika yote tuliyosoma juu ya Gemco, hatukuona kwamba mwenye kadi alikuwa na hisa, wala sauti katika kuchagua viongozi, wala fungu la faida mwisho wa mwaka. Alikuwa na ruhusa ya kuingia na kununua. Hiyo ni kitu, hatuidharau. Familia nyingi zilivaa na kula kwa bei nafuu kwa sababu ya dola 1. Lakini mwenye duka alikuwa Lucky, na wenye Lucky walikuwa wale walioshika hisa zake, wengi wao mbali, wanaozinunua asubuhi na kuziuza jioni.

Mwaka 1986

Katika miaka ya 1980 kulikuwa na watu Marekani waliofanya kazi ya kuwinda makampuni. Tueleze wanavyofanya, kwa sababu haikuwa wizi, ilikuwa halali. Kampuni iko na mali: majengo, ardhi, mikataba mizuri ya upangaji iliyosainiwa zamani kwa kodi ndogo. Ukijumlisha mali hizo zote, thamani yake inaweza kupita bei ya hisa zote za kampuni sokoni. Mwindaji anaona hiyo tofauti. Anakopa pesa nyingi, anaanza kununua hisa, anawaambia wenye hisa wengine: niuzieni kwa bei ya juu kuliko ya soko. Akiishika kampuni, anaikata vipande na kuviuza, analipa deni, kinachobaki ni chake.

Mwaka 1986 mwindaji mmoja wa New York, Asher Edelman, alitaka kuichukua Lucky. Wakurugenzi wa Lucky walikataa. Lakini ili kumshinda ilibidi wawape wenye hisa pesa nyingi haraka, wasishawishike kumuuzia. Pesa zitoke wapi? Wakatazama mali yao. Gemco ilikuwa kwenye viwanja vizuri, pembeni mwa barabara kubwa, katika miji iliyozidi kujaa watu. Kama duka, iliingiza faida ya kiasi. Kama viwanja na mikataba ya upangaji, ilikuwa dhahabu.

Mnunuzi alikuwapo tayari. Dayton Hudson, kampuni yenye Target, ilikuwa imeingia California miaka michache kabla kwa kuchukua majengo ya FedMart, ile ya Sol Price, ambayo nayo ilikuwa imefungwa. Ilihitaji nafasi zaidi. Ikanunua nafasi za Gemco zaidi ya 50 kwa mara moja. Kabla ya mwaka 1986 kwisha, Gemco ilikuwa imefungwa yote. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoteza kazi yao, wengine wakiwa na miaka mingi pale. Mabango mekundu ya Target yalipanda palipokuwa jina la Gemco.

Tazameni vizuri. Gemco haikufilisika. Deni lake halikuiua. Wateja hawakuikimbia. Iliuzwa ili kuilinda kampuni mama. Ni kama mtu anayeuza shamba la kaka mdogo ili kulipa kesi ya kaka mkubwa.

Na je, kaka mkubwa aliokoka? Kwa miaka 2 tu. Mwaka 1988 Lucky ilinunuliwa na kampuni nyingine ya vyakula, American Stores. Jimbo la California lilishtaki, likisema kwamba kampuni mbili kubwa za chakula zikiwa moja, bei ya chakula itapanda na raia ataumia. Mwaka 1990 Korti Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo lina haki ya kuomba muungano wa namna hiyo uvunjwe. Ndugu yetu alitutumia hukumu hiyo, ni ndefu, tuliisoma kwa siku nyingi. Ni hukumu muhimu mpaka leo. Lakini ndani yake kesi ni ya jimbo na makampuni. Wenye kadi wa Gemco hawamo, kwa kuwa duka lao lilikuwa limekwisha miaka 4 kabla. Mwaka 1999 American Stores nayo ilimezwa na Albertsons, na jina la Lucky likaondolewa kwenye maduka ya California kwa miaka kadhaa.

Kadi na sauti

Baadhi yetu tuliposoma hapo tulikumbuka kadi nyingine. Kambini kila familia ilikuwa na kadi ya mgao. Tuliitunza kuliko nguo, tuliifunga kwenye plastiki mvua isiiloweshe. Ilitulisha kwa miaka, tunashukuru, na wafadhili wetu wanajua tunashukuru kwa kweli. Lakini mgao ulipopunguzwa, hakuna aliyepiga kambi nzima kura. Tuliambiwa kwenye bango. Kadi ile ilisema wewe unahesabiwa. Haikusema wewe unaamua. Kuna kadi za namna mbili duniani, na kwa macho zinafanana.

Kadi ya namna ya pili nayo iko na historia. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi wa mshahara mdogo, walifungua duka la unga, siagi, sukari na mishumaa. Kila mmoja alichanga paundi 1. Waliweka kanuni: mtu mmoja kura moja, awe na pesa nyingi ao kidogo, na faida igawanywe kwa kadiri ya kila mmoja alivyonunua. Duka lilikuwa dogo na rafu zao zilikuwa tupu kuliko zetu. Kutoka hapo vyama vya ushirika vya wanunuzi vilienea duniani.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kura inatosha. Huko huko California, mjini Berkeley, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, kulikuwa na chama cha ushirika kilichoanza katika miaka ya 1930. Kilifika kuwa na wanachama zaidi ya 100,000, wenye duka wenyewe, wenye kura. Kilipanuka kwa kununua maduka mengine, hasara ikaingia, viongozi wakagombana miaka na miaka, na mwaka 1988 kikafunga milango. Kwa hiyo duka la wanachama linaweza kufa, kama la tajiri. Tofauti ni kwamba wanachama wa Berkeley walikuwa na haki ya kuona hesabu, kugombea uongozi, na kubishana mkutanoni. Walishindwa wakiwa ndani ya nyumba yao. Wenye kadi wa Gemco walifika siku moja wakakuta mlango umefungwa.

Turudi kwenye butiki yetu

Hatusemi mfanyabiashara wa mjini ni mtu mbaya. Wanaomfahamu wanasema analipa madeni yake. Pia hatusemi chakula na vikwembe visikae pamoja. Historia tuliyoisoma inaonyesha ni wazo zuri. Mama anayekuja kwa chumvi atanunua sufuria, hiyo ni kweli hapa kama ilivyokuwa kweli kule. Na rafu tupu hazimsaidii mtu. Wanaotaka tukubali wako na sababu, na tunaomba wasikilizwe bila kuzomewa.

Lakini kabla hatujainua mkono, tunapendekeza mambo 3 yaandikwe kwenye karatasi, yasomwe kwa sauti kwa Kiswahili, na yasainiwe mbele ya mkutano.

La kwanza ni kiwanja na jengo. Gemco iliuzwa kwa sababu ya mahali ilipokaa. Sisi tuliorudi tunalijua jambo la ardhi kuliko mtu yeyote. Wengi wetu tulikuta mashamba ya baba zetu yana watu wengine, na aliyekosa karatasi alikosa neno. Kiwanja cha butiki kibaki kwa jina la chama. Mfanyabiashara apange, alipe kodi, kwa muda unaojulikana. Na asiruhusiwe kumpangisha mtu wa tatu ao kumuuzia mkataba wake bila mkutano kukubali. Huyo mtu wa tatu ndiye hatujui ni nani.

La pili ni jina na kadi. Kadi za chama zitolewe na chama, orodha ya majina ikae kwa sekretere wa chama. Siku mfanyabiashara akiondoka, aondoke na vikwembe vyake. Asiondoke na wanachama wetu.

La tatu ni hesabu. Kila miezi 3 mkutano usomewe mauzo na kodi iliyoingia kwenye sanduku. Sehemu ya kodi hiyo iwekwe kando kwa ajili ya kununua mzigo wetu wenyewe, ili muda wa mkataba ukiisha tuwe na nguvu ya kuchagua: kuendelea naye ao kusimama peke yetu.

Kwa wafadhili tunaomba jambo moja. Wengine wenu mmetuandikia kwamba mngependa kusaidia butiki. Asanteni sana. Msaada mkubwa kwa sasa ungekuwa kutusaidia kulipa hati ya kiwanja na kumpata mtu wa sheria wa kuusoma mkataba. Mzigo wa sukari unaisha kwa wiki 2. Hati inabaki kwa watoto.

Na kwa mama wa ndagala, ambaye swali lake lilitupeleka mpaka California: leo butiki ni yako. Ni yako kwa sababu kanuni ya chama inasema haiwezi kuuzwa wala kupangishwa bila kura ya mkutano, na wewe uko na kura moja sawa na prezida. Kadi yako ni ushahidi wa hiyo kura. Siku utakaposikia kwamba butiki imeamuliwa mahali ambapo hukuitwa, jua kwamba umebaki na kadi ya namna ile nyingine, kama ya mama wa mzee wa California.

Tarehe ya mkutano itatangazwa makanisani, msikitini na sokoni. Tunaomba kila kikundi kisomewe makala hii kabla ya siku hiyo, hasa wazee na wamama wasiosoma. Mje na kadi zenu. Mje pia na maswali. Swali moja limetufundisha mengi.